Vijiji Vidogo vya Jangwa la Juu la Oregon: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mambo ya msingi

Jangwa la juu liko wapi, na kwa nini linaitwa jangwa?

Ukurasa huu unahusu eneo la kati na kusini-mashariki la jimbo la Oregon, Marekani, upande wa mashariki wa milima ya Cascade. Milima hiyo huzuia mawingu yanayotoka Pasifiki. Mvua humwagika magharibi, na mashariki hubakia milimita 250 hivi kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa theluji. Nchi yenyewe iko kwenye mita 1,200 hadi 1,400 juu ya usawa wa bahari.

Anayetarajia matuta ya mchanga kila upande atashangaa. Sehemu kubwa ni nyika ya sejibrashi, kichaka cha kijivu chenye harufu kali ambacho ni jamaa ya pakanga, pamoja na miamba myeusi ya volkano na mabonde tambarare yaliyokuwa maziwa makubwa zamani. Jalidi inaweza kuanguka mwezi wowote, hata Julai. Ukilielewa hilo, nusu ya historia ya vijiji hivi umeshaielewa.

Watu wanaoishi huko ni wangapi?

Wachache mno. Kaunti ya Harney ina ukubwa unaokaribia wa Rwanda nzima, lakini sensa ya 2020 ilihesabu watu 7,495 tu, na wengi wao wako Burns na Hines, miji miwili iliyoshikana. Kaunti ya Lake ilikuwa na watu 8,160. Shaniko, uliowahi kuwa mji wa reli wenye kelele, ulikuwa na watu 30. Kuna maeneo ambako watoto wa sekondari hulala bwenini katika shule ya serikali, kama ile ya Crane, kwa sababu nyumbani ni mbali mno kwenda na kurudi kila siku.

Je, hivi ni vijiji vilivyokufa?

Baadhi. Fleetwood, Fremont, Connley na Sink vilikuwa na posta zao katika bonde la Fort Rock. Leo hakuna kitu zaidi ya mawe ya msingi na mabati yaliyokunjamana. Lakini Silver Lake, Paisley, Frenchglen, Diamond na Fields bado vina wenyewe. Kumwambia mtu aliyesimama mlangoni pa duka lake kwamba umekuja kuona mji uliokufa ni utovu wa adabu, na habari hizo hufika kijiji cha pili kabla yako.

Nikiwa na siku mbili tu, nianzie wapi?

Toka mji wa Bend uelekee Fort Rock, kilomita 105 hivi. Asubuhi tembea ndani ya Fort Rock yenyewe, duara la mwamba lililotokana na volkano iliyolipuka chini ya ziwa la kale; mistari ya mawimbi bado inaonekana ukutani. Kisha nenda kwenye makumbusho ya Homestead Village yaliyo jirani, ambako nyumba, kanisa na ofisi ya daktari za walowezi zilihamishwa kutoka mashambani na kupangwa pamoja. Hufunguliwa majira ya joto, na si kila siku ya juma, hivyo ulizia kabla ya kuondoka Bend. Mchana shuka Silver Lake, na siku ya pili pitia Christmas Valley na Crack-in-the-Ground, ufa wa ardhi ambamo barafu ilidumu hata wakati wa joto na walowezi wakaenda kutengenezea aiskrimu.

Walioko Portland, na Waswahili hapo si haba, wanaweza kuanza na Shaniko, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari, wakarudi jioni hiyo hiyo. Lakini Shaniko ni historia ya reli na sufu. Kwa historia ya walowezi, Fort Rock ndiyo darasa.

## Historia

Nani walikuwa wa kwanza?

Si walowezi. Mwaka 1938 Luther Cressman wa Chuo Kikuu cha Oregon alichimba katika pango la Fort Rock akapata makumi ya ndara zilizosukwa kwa maganda ya sejibrashi, chini ya majivu ya volkano ya Mazama. Mlima huo ulilipuka miaka 7,700 hivi iliyopita, ukaacha shimo ambalo leo ni Crater Lake. Vipimo vya kaboni vilivyofuata viliipa baadhi ya ndara umri wa zaidi ya miaka 9,000. Mapango ya Paisley, kusini zaidi, yametoa kinyesi cha binadamu cha zaidi ya miaka 14,000, na hakuna aibu kulisema: kwa wanaakiolojia kilikuwa hazina.

Wapaiute wa kaskazini waliishi humu kwa kuhama kufuata mizizi, mbegu, samaki na wanyama kwa majira. Mwaka 1872 walitengewa hifadhi ya Malheur. Wafugaji wakaiingilia, vita vya Bannock vikazuka 1878, na Januari 1879 Wapaiute wakaswagwa kwenye theluji hadi hifadhi ya Yakama, katika jimbo la Washington la leo. Hifadhi yao ikafutwa. Waliorejea waliishi pembezoni mwa Burns kwa miongo; kabila la Burns Paiute lilitambuliwa rasmi 1968 na kupata hifadhi ndogo 1972. Kwa hiyo kibao kinachosema ardhi ilikuwa “tupu” walowezi walipofika kinaruka sura nzima.

Kwa nini watu walikuja kulima mahali pasipo na mvua?

Kwa sababu ardhi ilitolewa bure na matangazo yalikuwa matamu. Sheria ya 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 akikaa miaka mitano, akijenga na kulima. Mashamba mazuri yalipokwisha, sheria ya 1909 ikaongeza hadi ekari 320 kwa nchi kavu, na ya 1912 ikapunguza muda hadi miaka mitatu. Wanawake wasioolewa nao waliruhusiwa kuomba, na wengi waliomba. Wauzaji na makampuni ya reli walihubiri kilimo cha nchi kavu, na miaka michache ya mvua nzuri ikawafanya waonekane wakweli.

Halafu hesabu ikagoma. Ekari 320 za sejibrashi haziwezi kulisha familia kwa nafaka, wala hazitoshi kwa ng’ombe. Jalidi iliua mazao kabla ya kukomaa. Sungura wakubwa wenye masikio marefu walikula kilichobaki. Vijiji vizima vilijipanga mstari kuwaswaga hadi kwenye mazizi na kuwapiga marungu. Soko lilikuwa siku kadhaa kwa mkokoteni. Kufikia 1920 wengi wa bonde la Fort Rock walikuwa wameondoka, na ardhi ikaishia kwa wafugaji wakubwa au kurudi serikalini.

Kinachouma ni kwamba maji yalikuwepo, chini ya miguu yao. Umeme ulipofika miaka ya 1950, pampu ziliyatoa, na leo bonde lile lina duara za kijani za alfalfa, majani ya kulishia mifugo. Hata maji hayo yana mwisho: katika bonde la Harney visima vilizidi uwezo wa mwamba, na tangu 2016 vibali vipya vimebanwa.

Nini kilitokea Silver Lake mwaka 1894?

Usiku wa 24 Desemba 1894 watu walikusanyika kwa sherehe ya Krismasi katika ukumbi ulio juu ya duka. Taa ya mafuta ilipigwa kumbo, moto ukaenea, na mlango na ngazi havikutosha kwa umati. Watu 43 walikufa. Ed O’Farrell alipanda farasi kwenda Lakeview, karibu kilomita 160 katika baridi kali, kumwita Dk. Bernard Daly, ambaye alifunga safari mara moja. Mnara wa kumbukumbu uko makaburini Silver Lake, na majina yale yale ya ukoo yanavyorudiwa juu yake yanaeleza ukubwa wa msiba kuliko idadi. Daly alifariki 1920 akiacha mali yake isomeshe vijana wa kaunti ya Lake, na mfuko huo unaendelea hadi sasa.

Peter French alikuwa nani?

Mfugaji aliyefika bonde la Donner und Blitzen mwaka 1872 akitokea California na ng’ombe 1,200 hivi na wachungaji hodari wa Kimeksiko. Akiwa na mtaji wa Dk. Hugh Glenn, alijenga himaya ya malisho. Jina la Frenchglen limeunganisha majina yao. Alikwaruzana na walowezi wadogo kuhusu mipaka na njia, na 26 Desemba 1897 mmoja wao, Ed Oliver, akampiga risasi. Baraza la wazee wa mahakama likamwachilia Oliver, na hiyo inaonyesha wenyeji waliegemea wapi.

Banda lake la duara karibu na Diamond, lenye kipenyo cha mita 30 hivi, lilitumika kufunzia farasi wakati wa baridi. Liko wazi kwa umma bila malipo. Tazama nguzo za mreteni za ndani. Ranchi yake ya Sod House, ndani ya hifadhi ya ndege ya Malheur, kwa kawaida hufunguliwa katikati ya Agosti hadi katikati ya Oktoba tu, ndege wakishamaliza kulea.

Kwa nini Shaniko uliporomoka?

Reli ya Columbia Southern iliishia hapo mwaka 1900, na sufu nyingi ikapitia maghala yake. Mwaka 1911 reli nyingine ilifika Bend kwa kufuata bonde la mto Deschutes, mizigo ikahama, na mwaka huo huo moto ukateketeza sehemu kubwa ya maduka. Mji ambao sababu yake ni kuwa mwisho wa reli hauna la kufanya reli ikisogea.

Hapo karibu ndipo Antelope ya Rajneesh?

Ndiyo, kilomita 13 kusini. Wafuasi wa Bhagwan Shree Rajneesh, kiongozi wa kidini kutoka India, walinunua ranchi kubwa 1981, wakachukua baraza la kijiji cha Antelope kwa kura, wakakibadilisha jina. Mwaka 1985 yote yakasambaratika na jina la zamani likarudi. Ranchi yenyewe sasa ni kambi ya vijana ya Kikristo na ni mali binafsi. Huwezi kuingia tu ukatembea. Kijijini, wenyeji wameulizwa swali hili mara nyingi kupita kiasi. Ndivyo ilivyo Burns pia kuhusu watu wenye silaha walioikalia ofisi ya hifadhi ya ndege ya Malheur kwa siku 41 mwanzoni mwa 2016: subiri mwenyeji alianzishe mwenyewe.

Je, walowezi wote walikuwa Wazungu wa Marekani?

Hapana. Mbali na wachungaji wa Kimeksiko, Wabaski kutoka Uhispania walichunga kondoo. Huko Jordan Valley uwanja wao wa mchezo wa pelota, uliojengwa 1915 kwa mawe, bado umesimama, na majina yao yamechongwa kwenye magome ya miti ya Steens Mountain. Wachina walikuja kutafuta dhahabu. Duka na zahanati ya Kam Wah Chung mjini John Day ni makumbusho yenye dawa za mitishamba za Ing Hay bado rafuni.

Kuhusu Waafrika, sababu kubwa ya uchache wao imeandikwa kwenye katiba: ile ya Oregon ya 1857 ilipiga marufuku watu weusi kuhamia jimboni, na kifungu hicho kilifutwa 1926, walowezi wakiwa wameshakuja na kuondoka.

## Kuchimbua habari za shamba au kijiji

Nimeona msingi wa nyumba. Nitajuaje ilikuwa ya nani?

Anza na anwani ya kisheria ya ardhi. Eneo hili lote limegawanywa kwa miraba ya maili sita kwa sita, kila mmoja ukiwa na vipande 36 vya ekari 640. Ukiona T. 26 S., R. 15 E., maana yake ni mraba wa 26 kusini na wa 15 mashariki kutoka jiwe la Willamette karibu na Portland. Kipande cha 1 kiko kona ya kaskazini-mashariki. Namba zinakwenda magharibi hadi 6, zinashuka, zinarudi mashariki, hivyo hivyo hadi 36. Wanaodhani kila mstari unaanzia upande mmoja hutafuta jirani badala ya mwenyewe.

Ukishapata namba, ingia kwenye tovuti ya kumbukumbu za ardhi ya BLM, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma. Tafuta kwa mraba na kipande, si kwa jina, maana majina yaliandikwa hovyo. Hati itakupa jina, tarehe, ekari na sheria iliyotumika.

Nimetafuta na sikupata hati. Ina maana hakuna aliyekaa?

La. Tovuti ile huonyesha waliofanikiwa tu. Aliyekata tamaa mwaka wa pili hana hati, na katika jangwa hili hao walikuwa wengi. Wao wamo kwenye vitabu vya maombi ya ardhi, ambavyo picha zake zinapatikana FamilySearch, tovuti ya kutafutia habari za ukoo. Jina likifuatwa na neno la kufutwa na jina jingine chini yake, umepata shamba lililoachwa likashikwa na mtu wa pili.

Nini kingine kinafaa kutafutwa?

Jalada la ombi, linaloagizwa kwa malipo kutoka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Washington. Hili ndilo dhahabu. Mlowezi na mashahidi waliulizwa ukubwa wa nyumba, ekari zilizolimwa kila mwaka, mavuno, uzio, kina cha kisima, na safari alizotoka shambani na sababu zake. Mhamiaji kutoka ng’ambo aliambatanisha na karatasi za uraia.

Magazeti ya zamani ya Oregon yamewekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Oregon. Kila mlowezi alilazimika kutangaza gazetini nia ya kuthibitisha shamba, akitaja mashahidi wanne, na hao karibu kila mara ni majirani. Kwa matangazo matano au sita unaweza kuchora kitongoji kizima. Sensa za 1910 na 1920 zinakamilisha. Ya 1890 iliharibika kwa moto, usipoteze muda nayo.

Ramani mbili zinaonyesha kijiji kimoja mahali tofauti. Ipi ni sahihi?

Pengine zote. Posta mara nyingi ilikuwa chumba nyumbani kwa msimamizi wake. Alipobadilika, posta ilihamia kwa msimamizi mpya, na jina la kijiji likaifuata. Linganisha mwaka wa ramani na orodha ya wasimamizi wa posta.

Nitatambuaje shamba la zamani pasipo na jengo?

Tafuta mistari iliyonyooka. Mahali palipolimwa, sejibrashi ni fupi kuliko jirani yake au pamechukuliwa na nyasi za kupandwa, na mpaka huo unaonekana vizuri kwenye picha za angani au jua likiwa chini. Chungu za mawe pembeni mwa shamba, kichaka cha lailaki au mpopla uliosimama peke yake, na bonde dogo la mstatili lililokuwa ghala la mizizi ni dalili nzuri.

Vioo vilivyogeuka zambarau vina manganizi na kwa kawaida ni vya kati ya miaka ya 1880 na 1915 hivi. Makopo yenye tone la kulehemu katikati ya kifuniko huashiria umri wa namna hiyo, isipokuwa ya maziwa: hayo yaliendelea na tone hilo kwa miongo mingi baadaye na yamewapotosha wengi.

## Njiani

Gari gani linafaa, na nibebe nini?

Gari la kawaida linatosha kwa Fort Rock, Silver Lake, Frenchglen na Shaniko. Kwa barabara za udongo unahitaji gari lililoinuka na tairi zenye kuta ngumu. Adui mkubwa hapa ni mawe makali ya volkano, na pancha mbili katika siku moja si ajabu. Kagua kama tairi la akiba lina upepo na jeki inafika. Beba lita nne za maji kwa mtu kwa siku na ziada ya siku moja, blanketi hata Agosti, na ramani ya karatasi, kwa kuwa simu hukosa mtandao kwa makumi ya kilomita.

Jaza tangi kila upatapo kituo, hata kama limebaki nusu. Kutoka Frenchglen hadi Fields ni kilomita 84 bila mahali pa kujaza katikati, na kituo kidogo kikiishiwa, kimeishiwa.

Mvua ikininyeshea kwenye barabara ya udongo?

Simama. Udongo wa mabonde haya ukilowa hushika tairi hadi gurudumu halizunguki, na kuongeza mafuta kunalizamisha tu. Mara nyingi kusubiri jua na upepo kwa saa kadhaa kunatosha. Usiegeshe kwenye nyasi kavu majira ya joto: joto la ekzosi huwasha moto.

Ninaweza kuingia popote?

Ardhi ya BLM, ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Lakini imechanganyika na mashamba ya watu bila uzio kila mahali, hivyo tumia ramani inayoonyesha umiliki. Lango ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Huenda ndiyo njia pekee ya ng’ombe kwenda majini. Punguza mwendo usiku. Katika maeneo ya malisho huria, ukigonga ng’ombe, hasara mara nyingi ni yako.

Pango la Fort Rock huingiwa kwa ziara zinazoongozwa na idara ya hifadhi za jimbo, kwa kujiandikisha mapema.

Kuongea na wenyeji kuna adabu gani?

Salimu dereva kwa kuinua vidole juu ya usukani. Nunua kitu dukani kabla ya kuuliza maswali. Usimwulize mfugaji ana ng’ombe wangapi wala ekari ngapi. Ni kumwuliza ana fedha kiasi gani benki. Uliza nyumba ile ilikuwa ya nani, kisha kaa kimya usikilize.

## Mambo ya nadra

Naweza kuchukua mshale wa jiwe au chupa niliyookota?

Kwenye ardhi ya serikali, hapana. Sheria ya 1979 inalinda vitu vya kale vyenye zaidi ya miaka 100, na adhabu yake ni faini na hata kifungo. Chupa za walowezi zimeshavuka umri huo. Piga picha, kiache kilipo. Michoro ya mwambani isiguswe, na usitangaze mtandaoni mahali ilipo.

Nyumba ya zamani iko wazi. Niingie?

Sakafu zilizooza ni hatari ya kwanza. Ya pili ni visima na matangi ya maji yaliyofunikwa mbao zilizochakaa. Mahali nyasi zinapokuwa kijani kupita pengine, jaribu kwa fimbo kabla ya mguu. Ya tatu ni vumbi la kinyesi cha panya, ambalo linaweza kubeba virusi vya hanta. Usifagie wala kulala humo. Nyoka wa njuga hupenda kivuli chini ya mabati, kwa hiyo usiinue bati kwa mkono.

Nikikuta mifupa ya binadamu?

Usiguse, usihamishe, usipige picha za kusambaza. Weka alama ya mahali kwenye ramani yako, toka kwa njia uliyoingilia, na upatapo mtandao piga 911. Ofisi ya sherifu itaamua kama ni jambo la polisi au kaburi la kale, na ikiwa ni la kale kabila husika litajulishwa.

Saa yangu imeruka Jordan Valley. Imeharibika?

Haijaharibika. Sehemu kubwa ya kaunti ya Malheur hufuata saa ya milimani, iliyo mbele ya Burns kwa saa moja. Ukitoka Burns kwenda kuuwahi mlo au makumbusho upande huo, ondoka mapema kwa saa hiyo moja.